Figo Zisizonyamaza

...eti si chumvi, huyu Daktari Ilieva ana wazimu, mkono wangu umeunganishwa na mashine ya kusafisha damu, damu inatoka, inarudi, naye macho kwenye kipimo cha presha, ananiambia si chumvi, "Mzee Gencho, unanisikia? Figo zimeacha kusafisha damu, lakini neva zake bado ziko hai, zinaupigia ubongo kelele mchana na usiku, ubongo nao unaamuru mishipa ya damu ijikaze, ndiyo maana dawa hazifui dafu," ...neva gani bwana, mimi nilishamjua anayenipandisha presha, nilimwambia mke wangu Tsvetana mezani, mbele ya binti yetu, wewe mwanamke unanitilia chumvi ili unizike mapema, akalia, lo, alivyolia, tangu siku ile anapika maharage kama ya mfungwa, anayaonja kwanza yeye nimwone, pipa la kabichi ya chumvi akampa jirani, vuli mji mzima unanukia kabichi isipokuwa nyumba yangu, na bado presha ikipanda ananiangalia kwa macho ya mwizi aliyekamatwa... "Mkeo anakutunza vizuri mno, uzito hauongezeki ovyo, chumvi haizidi, tukizitoa hizo figo mbili presha huenda ikashuka, damu itaendelea kusafishwa na mashine kama sasa. Nimwite nimweleze?" ...yule pale, nyuma ya kioo, miaka yote mke wangu hajanitilia hata punje, binti anamwambia kila wiki, mama, njoo kwangu Plovdiv upumzike, naye anajibu, nitamwachaje baba yako na mimi ndiye niliyemfikisha hapa, kwa mdomo wake mwenyewe, nilimsikia nikanyamaza, nikaendelea kula... basi zitolewe, presha ishuke, halafu? atajua, atavua aproni, atapanda treni, na mimi nani ataniinua kitandani, nani ataniosha, naogopa, Mungu wangu, naogopa ile nyumba isiyo na mtu wa kumlaumu, afadhali zipige kelele, zinipasue kichwa, kichwa ni changu... "Mzee?" "Usimwite." "Lakini anajilaumu, nimeongea naye." "Nimesema usimwite. Na figo zangu ziacheni humo humo," ...daktari anaondoka, mashine inavuma vilevile, Tsvetana amebandika uso kwenye kioo, anauliza kwa midomo tu, imepanda? nami natikisa kichwa kwa masikitiko, nanyoosha kidole juu, imepanda sana, anajifunika uso kwa viganja, mabega yanatetemeka, vizuri, huyo haendi popote.