Vidole vya Kasuku

Dada mtu ndiye aliyeanza. Mdogo wake wa kiume hajajua hata kushika penseli, yeye tayari anachora fisi, korongo na kenge wa vitabu vya shule, akishinda mbele ya vizimba vya wanyama mpaka walinzi wakamzoea na kumbandika jina la Bi Manyoya. Wanyama aliwapenda kweli. Binadamu, kiasi.

Kisha jumba la makumbusho likataka mchoro wa ndege wa msituni, ukuta mzima, na kazi akapewa nani? Mdogo wake, ambaye hata kuchonga penseli alifundishwa na yeye. Kijiba cha roho kikamkaba. Akapiga simu kumpongeza kwa sauti laini, halafu akashinda kutwa akigombana na masufuria.

Siku moja kabla ya uzinduzi akaenda kuuona. Mdogo wake alikuwa juu ya ngazi, rangi mpaka kwenye nyusi, akamwomba autazame vizuri, amwambie pa kurekebisha. Akatazama. Manyoya yamelala sawasawa, macho yana uhai, na roho ikazidi kumuuma. Hapo ndipo alipoiona miguu ya kasuku: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, kama kuku. Kasuku ana viwili mbele na viwili nyuma, na hilo Bi Manyoya alilijua kama anavyolijua jina lake. Kurekebisha ni kazi ya muda mfupi tu.

Ulimi ukamwasha. Akajikaza.

"Mzuri," akasema. "Usiguse tena."

Kesho yake ukumbi ukajaa. Mtaalamu wa ndege, mtu mpole, aliusifu mchoro weee, kisha akasogea karibu na kuuliza, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, kuhusu vile vidole. Watu wakacheka kidogo. Bi Manyoya akaipata ile raha aliyoingojea, lakini haikukaa.

Maana mdogo wake alikuwa anacheka pia. Akaeleza kwamba ndege wengine wote aliwafuata msituni, ila kasuku alimtoa kwenye picha iliyo juu ya kitanda cha mama yao, picha ya kwanza aliyochora dada yake. Ndiyo iliyomtia yeye mwenyewe wazimu wa wanyama.

"Sikuona haja ya kuhakikisha," akasema. "Amechora dada."

Bi Manyoya akaikumbuka. Kasuku wa jirani, miguu imefichwa na bakuli la maji, na yeye, msichana mwenye haraka zake, akaazima vidole kwa kuku wa uani. Miaka yote ile hakuwahi kuitazama tena.

Mdogo wake akamgeukia. "Lakini dada, jana ulisimama hapa hapa. Hukuona?"

Mtaalamu naye akageuka. Nyuma yake walisimama wachapishaji wa vitabu, wale ambao miaka nenda rudi walimpa Bi Manyoya kazi kwa sababu ya jicho lake. Bi Manyoya alimtazama mdogo wake usoni, na usoni mle hamkuwa na shaka hata chembe.

"Sikuona," akasema.

Mdogo wake akamshika mkono.

"Usijali, dada," akamwambia kwa upole, wote wakisikia. "Macho huchoka. Kuanzia sasa nitakuwa nakuangalizia mimi."