Mwaka Usio na Marehemu

Kuna waongo wa kuzaliwa na kuna waongo wa kubebeshwa. Fundi alikuwa wa kundi la pili, ndiyo maana uongo wake haukumnenepesha. Aliyembebesha ni mumewe. Mwezi wa pili walimpeleka Mama Mkwe hospitali, na bibi alipotangulia kuketi nje, daktari akawaambia moyo wake umechoka: mwaka, labda mwaka na nusu. "Asiambiwe," mume akasema njiani. "Mshtuko mmoja tu tumempoteza." Kisha akarudi kazini kwake mbali, akamwachia mkewe mama, cherehani na siri. Wanaume bwana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu mficha maradhi ya mkwewe.

Mama Mkwe alikuwa mpiga chapa wa ofisini kwa miaka thelathini na moja. Macho yalipozimika alibaki na masikio na uroho wa vitabu. Kila alasiri Fundi aliacha cherehani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamsomea. Na kila palipotokea mtu wa kufa, alimwokoa. Mchimba madini aliyefukiwa na kifusi alitolewa akikohoa. Mfalme aliyenyweshwa sumu alisafiri, na malkia alipoanza kulia sura iliyofuata, ikabidi Fundi aseme malkia ana mafua. Palipomshinda kabisa alifunua kurasa mbili kwa pamoja, akasonga mbele.

Siku ya mwisho ya mwaka Mama Mkwe akasema, "Leo usisome. Kaa tukumbushane vitabu tulivyosoma, halafu tupange vya mwakani. Chukua kalamu."

Fundi alikaa, na woga ukakaa naye. Mwongo hapendi kuulizwa mara ya pili. Vitabu vilikuwa kumi na kimoja, na bibi alivikumbuka vyote.

"Yule mfalme alirudi lini?"

"Hakurudi, mama. Kitabu kiliishia hapo."

"Safari ndefu hiyo. Na yule mchimba madini, mkewe aliolewa tena kwa nini, na mume yupo?"

Fundi alikitazama kifua cha mkwewe kikipanda na kushuka chini ya kitenge, akaogopa kwamba kikishuka hakitapanda tena. Ukweli ukimtoka, moyo ule utasimama mbele yake, na mawifi watasema mkaza mwana ndiye aliyemmaliza mama yao. "Walikosana," akasema.

"Haya. Andika vya mwakani. Cha kwanza, kile kinene cha kabatini, cha kurasa mia tisa."

Fundi alikijua. Kwa mwendo wao kingewafikisha mwezi wa nane. Alipiga hesabu ya daktari kichwani na kalamu ikagoma.

"Tuanze na vile vyembamba, mama. Kile kizito."

"Kizito kwa nani? Mimi nasikiliza tu." Bibi akamgeuzia sikio. "Mbona unataka vifupi?"

Fundi akaandika tarehe juu ya karatasi tupu, akaikata.

"Mwanangu, nimepiga chapa miaka thelathini na moja. Ukurasa nausikia unapoisha. Wewe ulikuwa unafunua mbili mbili nami nikanyamaza, nikasema labda amechoka, kutwa yuko kwenye cherehani. Halafu nikagundua kitu. Tangu mwezi wa pili hajafa mtu humu vitabuni. Si mzee, si mgonjwa, hata adui. Nikajiuliza, huyu anaficha kifo cha nani?"

Fundi aliiweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Ningekuuliza, ungejibu. Nilikuwa naogopa."

Uongo mmoja ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, mzuri tu, ulioshonwa ukapigwa pasi. Angeweza kuutoa. Lakini alimwona mkwewe amegeuza uso kumwelekea, akingoja kwa macho yasiyoona, akatambua kwamba kwa miezi kumi hakumkinga na hofu hata siku moja. Alimwacha nayo peke yake. Akapiga moyo konde.

"Ni moyo, mama. Umechoka. Daktari alisema mwaka, au mwaka na nusu. Na miezi kumi imeshakwenda."

Akangoja aanguke. Bibi hakuanguka. Mkono wake ukapapasa shuka mpaka ukaupata wa Fundi, ukaukamata kwa vidole vilivyokuwa bado na nguvu ya kazi.

"Naogopa," akasema.

"Na mimi, mama."

"Mumeo atakugombeza."

"Anigombeze."

Nje muuza ndoo alipita akinadi, hakuna aliyemsikiliza.

"Andika kile kinene," bibi akasema mwishowe.

"Na tusipokimaliza?"

"Kitabaki. Kilete sasa hivi, tusiungoje mwaka mpya."

Fundi alikileta, akamrudishia bibi mkono, akaanza. Ukurasa wa nne, baba wa mwenye kisa alikuwa mahututi. Aliona mistari inakoelekea, na kidole kikaenda chenyewe kwenye pembe ya ukurasa. Mkono wa bibi ukambana. Fundi akakirudisha kidole, akasoma neno kwa neno, mpaka mahali yule baba alipokata roho alfajiri watoto wakiwa wamelala.

Akatua kusikiliza pumzi ya mkwewe. Ilikuwa fupi, ya haraka, lakini ilikuwepo.

"Endelea," Mama Mkwe akasema, hajauachia mkono. "Nani aliwaambia watoto?"