Bunduki ya Marehemu Fetterolf

Lloyd Stambaugh aliitamani bunduki ile tangu ujana wake. Ilikuwa Winchester ya kizamani ya kulengea shabaha, ya risasi zile ndogo, yenye mtutu mzito na kitako cha mti kilicholainishwa na shavu la mzee Fetterolf, bingwa wa klabu yao. Mzee alipofariki, Lloyd alijizuia. Aliona haya kumwendea mjane kuulizia bunduki wakati maua ya kaburini hayajanyauka. Angengoja majira ya baridi yapite.

Vernon Kessler hakungoja. Alikwenda kumwondolea yule mama theluji mlangoni, akaingia kunywa kahawa, akatoka na bunduki.

Alhamisi akaja nayo klabuni, kwenye chumba cha chini cha kituo cha zimamoto walikokuwa wakilenga shabaha. Watu wote waliacha supu yao ya kuku na mahindi wakamzunguka. Lloyd peke yake aliendelea kunywa.

"Njoo uione, bwana, haiumi," Vernon alimwita. "Mama Fetterolf kasema mumewe alidhani wewe ndiye utakayeiomba. Kakungoja wee, hukutokea."

Wenzao wakacheka. Lloyd naye akacheka, na kicheko kikamchoma kifua.

Ndipo Vernon akafunga komeo la bunduki tupu, akalenga ukuta, akafyatua. Ta.

Lloyd aliinua macho. Vernon alikuwa mwindaji wa kulungu, mgeni katika mchezo huu, na bunduki kubwa za kuwindia hazidhuriki sana zikifyatuliwa tupu. Hii ni nyingine. Pini yake hugonga ukingo wa risasi. Pasipo risasi, hugonga mdomo wa tundu la risasi, chuma kwa chuma, na pigo kwa pigo mdomo huo hubonyea hata bunduki ikaharibika. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo mzee Fetterolf alimfundisha Lloyd, kwa bunduki hiyohiyo.

Wengine walikuwa wamesharudi kwenye supu. Hakuna aliyeangalia ila yeye.

Ta.

"Sikia inavyofyatuka, laini kama siagi," Vernon alisema. "Nyumbani nafanya hivi kila jioni mbele ya televisheni."

Endelea, Lloyd alimwambia moyoni. Kama si yangu, isiwe ya mtu. Akajisikia raha, raha mbaya iliyompa joto masikioni.

Vernon akavuta komeo tena, na shavu lake likalala palepale shavu la mzee lilipokuwa likilala.

Lloyd akaweka kijiko chini. Sakafu ilikuwa imejaa maganda matupu ya risasi zilizokwisha kupigwa. Akaokota moja, akamshika Vernon mkono.

"Acha. Unaiua." Akalitia ganda ndani ya bunduki lipokee pigo la pini, akamweleza sababu. "Sasa fyatua."

Vernon hakufyatua. Alikuwa amepauka. "Umejua toka saa ngapi?"

"Toka ulipofyatua mara ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nilikuonea wivu, Vernon. Bado nakuonea."

Vernon akailaza bunduki mezani, akaisogeza mpaka ikamgusa Lloyd mkono. "Nitazamie kama nimeshaiharibu."

Lloyd akaifungua, akamulika kwa tochi. Kulikuwa na alama ndogo, ndogo sana. Ingepona. Akaishika muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kisha akairudisha kwa mwenyewe.