Unga Usionuka

Umwiza alikwama kwenye jina la ng'ombe wa tatu.

Uwimbabazi, mama yake, aliacha kufua. Mtoto alikuwa na miaka saba, na tangu ajue kusema aliyaimba majina ya ng'ombe wa bibi yake yote, hata ya wale walioporwa kabla hajazaliwa. Hiyo ndiyo mali pekee ambayo familia ilishuka nayo kutoka milimani hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa. Sasa alisimama katikati ya kiwanja, mdomo wazi, macho yakihangaika.

"Anza tena," Uwimbabazi alisema polepole.

"Sijue, mama. Iko inapotea."

Mtoto akamwendea, na hapo Uwimbabazi akakiona kile alichokuwa akikataa kukiona: Umwiza alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, kama anayekanyaga makaa. Alimpandisha mgongoni, miguu mirefu ikining'inia, akashika njia ya kituo cha afya.

Munganga Émilienne, tabibu wa kituo, mzaliwa wa Lweba, kijiji cha huko huko chini, aliligonga goti la Umwiza kwa nyundo ndogo. Mguu uliruka kama umeungua. Munganga hakutabasamu.

"Munakula nini kwenu?"

"Bugali ya mihogo na majani yake, sombe."

"Samaki? Maziwa?"

"Maziwa ilibakia na ng'ombe, dada."

"Na nani analoweka mihogo?"

"Mama mukwe." Uwimbabazi alicheka kidogo, kicheko cha woga. "Unga yake iko safi, hainuke hata kidogo. Mihogo ikianza tu kunuka, anaitoa mu maji."

Émilienne aliiweka nyundo chini.

Mukabera, mama mkwe huyo, bibi yake Umwiza, maisha yake yote alivifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi ili visinuke. Kwake harufu mbaya ilikuwa uchafu, na uchafu ulikuwa aibu. Lakini mihogo michungu ya huku chini lazima ilale majini mpaka ilegee na kunuka, ndipo sumu iishe.

"Mama Umwiza," Émilienne alisema, "sikia. Mu tumbo ya kila muntu iko tududu tudogo sana, tenye macho haiwezi kuona. Tungine tunatusaidia. Tungine, ukitupatia mihogo yenye haikulala muzuri mu maji, tunapasua ile uchungu na kutoa sumu humo humo ndani. Sumu inaingia mu damu, inapanda mupaka mu bongo. Ndiyo inakaza miguu. Ndiyo inakula majina ya ng'ombe."

"Itarudi?"

Munganga aliukunjua mguu wa mtoto taratibu. "Miguu, sijue. Akili, tukimupatia samaki ya ndagala, maharagi, maziwa ya kuganda ukipata, inaweza kurudi kiasi. Lakini ile unga, hata tonge moja tena, hapana."

Njiani Uwimbabazi aliisikia pumzi ya mtoto shingoni mwake, akaogopa kila ilipokawia.

"Unaitwa nani?"

"Umwiza."

"Nani tena?"

"Umwiza, mama. We unanichokesha."

Hakuacha kuuliza.

Nyumbani wageni wa Mukabera walikuwa wameshakaa: mchungaji Anatole na wazee wa kanisa. Katikati yao ugali mweupe pe ulikuwa ukifuka mvuke. Mukabera alikata tonge la kwanza, kama alivyozoea, akamnyooshea mjukuu wake.

Umwiza akafungua kinywa.

Uwimbabazi alilipiga lile tonge, likaanguka mavumbini. Akainyakua sahani nzima mbele ya mchungaji, akaimwaga kwenye shimo la takataka, na gunia la unga likafuata. Vumbi jeupe lilimpanda mpaka kwenye nyusi.

"Mwana wangu," Mukabera alisema, "uko na mapepo? Unanivua nguo mbele ya pasta?"

Uwimbabazi alieleza yote: tududu, sumu, bongo.

"Unga yangu haijanuka hata siku moja," bibi alisema.

"Ndiyo ubaya yake, mama. Ilipaswa kunuka."

Anatole alikohoa. "Binti, pengine uko na haki. Lakini mukamwana hanyang'anye mama mukwe chakula mbele ya bageni. Piga magoti kwanza, omba musamaha. Ingine tutasema nyuma."

Uwimbabazi alimtazama Umwiza, aliyekaa chini akiyahesabu majina ya ng'ombe kwa vidole, akikwama, akianza upya. Jina la tatu. Bado lile la tatu.

"Sipige magoti, pasta," alisema. "Na musamaha siombe. Leo siombe, na kesho siombe."