Povu la Kotoni

Usiniulize kwa nini mjane mzima aoshe mbwa kama anaandaa mtoto wa ubatizo. Ndivyo Capitoline alivyokuwa. Rémy, mwanawe wa pekee, alipokwenda kusoma Bukavu alimwachia mbwa mweupe, Kotoni, akasema, "Mama, nikirudi nimukute mweupe hivihivi." Na kwa vumbi la Songo, walikoishi, weupe ni kazi. Kila Jumamosi alimwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mawese, akamsuuza mara tatu, na alipokauka akampaka unga wa muhogo, akamchana mpaka unga utoke na uchafu wake. Majirani walicheka. Aliwaacha wacheke.

Jumamosi hii hakuna aliyecheka. Jumanne mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata Félicité, mke wa jirani yake Gracien, na mkubwa wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao, alishapita nyumba kwa nyumba na amri yake: imbwa yoyote yenye povu mdomoni, ipigwe mpaka ife. Capitoline alirudisha lango, asilifunge kwa komeo, akaanza kuosha.

Ubaya wa sabuni ya mawese ni kwamba inanukia mafuta. Kotoni alikinyakua kipande cha sabuni, akakitafuna, akaruka nje ya beseni na kulisukuma lango kwa kichwa.

Capitoline alimfuata mbio, kitenge kimelowa. Alichokiogopa ni matope na pikipiki tu, si kingine. Kwa hiyo akapaza sauti kama mtu anayeona kazi yake ya asubuhi nzima ikikimbilia mtaroni:

"Mumukamate! Iko na povu! Iko na povu!"

Masikini, kinywa chake mwenyewe. Kina mama waliwabeba watoto wakaingia ndani, milango ikabamizwa, na Gracien akatoka na mpini wa jembe. Kotoni alikuwa amemzoea Gracien, akamkimbilia akitikisa mkia, mdomo umejaa povu jeupe.

Hapo ndipo Capitoline alipoelewa alichosema. Alijitupa chini, akamkumbatia mbwa, mgongo wake ukiwa chini ya mpini.

"Ni savoni, Papa Gracien. Nilikuwa ninamuosha."

"Toka hapo, Mama Rémy. Weye mwenyewe umesema."

"Nilisema povu ya savoni."

Gracien hakushusha mpini. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku nne alikuwa akikaa kando ya kitanda cha mkewe.

Capitoline alichovya kidole mdomoni mwa mbwa, akakitia mdomoni mwake, akanyonya. Uchungu ulimkaba, lakini alimeza, povu likamtoka pembeni mwa midomo.

"Na yeye sasa," mtu alinong'ona nyuma ya ua, na waliokuwa wamekaribia wakarudi nyuma.

Gracien akachuchumaa, akafuta povu la shavu la Capitoline kwa kidole gumba, akalinusa. Mawese. Mpini ukamponyoka mkononi.

"Nilikuwa ninamuua, Mama," alisema polepole. "Nilikuwa ninamuua kweli, na ningefurahi."

Kotoni alikuwa akilamba kiganja cha Gracien.

"Haukukosea," Capitoline alimwambia. "Ni minye nilikuita."