Upande wa Pili wa Moto

Redio ilisema shemeji alilala kazini, tanuri likashika moto na kiwanda kizima cha mikate kikateketea. Ikasema asubuhi, ikarudia mchana, na usiku ikaongeza kwamba polisi wanamtaka kituoni kesho yake jioni. Aliyehojiwa ni mmoja tu, mwenye kiwanda. Shemeji hakupigiwa hata simu, naye alikuwa nyumbani, mikono yote miwili imefungwa bandeji, analishwa na mkewe kijiko kwa kijiko.

Mkewe ni dada yangu, mshona mashuka ya hospitali, mpole hadi anakera. Kulipokucha nikamwambia twende redioni. Akavaa viatu.

Mimi nilikwenda kwa shari, sitaficha. Mapokezi walituambia tuandike malalamiko, tutajibiwa baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili! Mtu leo jioni anaweza kulala ndani, nyinyi mnaniambia wiki mbili?"

Nikapayuka mpaka mhariri mwenyewe akatoka, tai imekwenda upande, kikombe cha chai mkononi. Akasikiliza. Haki ya Mungu, yule bwana alisikiliza.

"Tumekosea," akasema, akamgeukia dada. "Mama, taarifa ya saa mbili inaanza sasa hivi. Ingia studio useme yote. Sitakukatiza."

Nikasema moyoni, leo ni leo! Dada akatikisa kichwa.

"Na mwenye kiwanda je?"

"Yeye ameshasema."

"Alisema mimi sipo. Na mimi nikisema yeye hayupo, si yatakuwa yale yale? Mpigieni simu."

Nikamfinya. "Una wazimu? Umeshapewa mpini, bado unang'ang'ania makali!"

"Mdogo wangu," akanijibu taratibu, "mke akimtetea mumewe, nani atamwamini?"

Basi, wakampigia, na sisi tukaingizwa studio. Chumba chenyewe kidogo, kuta zimefunikwa sponji, kimya kiasi kwamba nilisikia tumbo langu likinguruma. Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akaeleza habari yenyewe, kisha akamwachia dada nafasi. Nilingoja amporomoshee maneno yule mzee wa kiwanda. Lo, yeye akaanza na salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," sauti nzito ikatoka kwenye spika.

"Pole sana kwa kiwanda."

"Asante, mwanangu."

"Nina swali moja tu. Moto ulipoanza, wewe ulikuwa ofisini mwako, kule nyuma. Nani alikutoa nje?"

Kimya. Na redioni kimya ni balaa. Mtangazaji akainamia kipaza sauti apate kuziba pengo, na nyuma ya kioo mhariri akawa anapunga mikono wapige wimbo. Dada akainua kiganja, basi. Na watu wale, ambao kazi yao ni kusema kutwa kucha, wakatulia kimya. Nimelala naye kitanda kimoja utoto wote, nimemdharau kwa upole wake, na siku ile niliogopa hata kumgusa bega. Ilikuwa hofu nzuri, ile inayokufanya ushukuru kwamba mtu huyu ni wa kwenu.

Mzee akakohoa. Tukamsikia anavuta pumzi.

"Mumeo," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimelala. Yeye ndiye aliyeniamsha."