Viti vya Viongozi

Klabu yetu ya mpira hapa chuoni Lushoto ina viongozi kumi na watatu, na usicheke. Yupo mwenyekiti, Aron, wapo makamu wawili, yupo Katibu wa Itifaki, hata Katibu wa Hali ya Hewa tunaye. Kushinda tu ndiko hatujui. Katiba yao inasema garini wanapanda kwanza viongozi, kisha wageni wa viongozi, halafu wachezaji wajaze viti vilivyobaki. Vinabaki sita, saba. Mnacheza pungufu, mnafungwa, jioni mnaitwa kikaoni kujieleza. Upuuzi mtupu.

Ilipokuja mechi ya Bumbuli nikasema safari hii hapana. Mchaguzi wa timu ya vyuo ya mkoa alikuwa anakuja kutafuta mshambuliaji, na mimi, nahodha, nilikuwa mwaka wa mwisho. Nisingepata nafasi nyingine.

Nikamfuata Aron, nikampa shikamoo ingawa tumezaliwa mwaka mmoja, naye akaitikia marahaba bila aibu. Nikamweleza kuwa klabu imekua, inahitaji idara. Akafurahi kama kapewa jimbo. Siku hiyohiyo golikipa wetu, Sefania, akawa Mkurugenzi wa Nyavu. Beki Rashidi akawa Afisa Ulinzi. Wachezaji kumi, vyeo kumi. Mimi sikujipa. Unahodha si cheo tayari?

Jumamosi asubuhi, mvua ikinyesha, viongozi ishirini na watatu walipanda kosta. Wageni watatu wakafuata, ikajaa. Nikagonga kioo, nikauliza mimi nakaa wapi.

"Katiba inasema nahodha huchaguliwa na wachezaji," Aron alinijibu kwa upole. "Wewe si kiongozi, Emanueli. Jaribu mwakani."

Mwakani, na mimi namaliza mwezi wa saba! Jezi yangu ilishapakiwa garini pamoja na nyingine. Basi la Bumbuli lilishaondoka alfajiri, na hakuna bodaboda aliyekubali kona zile kwenye utelezi. Nilibaki stendi kati ya matenga ya kabichi nikalia, wala sioni haya kusema.

Jioni Sefania alinipigia simu. Tumeshinda tatu bila. Wa kumi na moja alikuwa mgeni wa mhazini, Abubakari, muuza viazi wa sokoni, ambaye hata chuoni hasomi. Walimvika jezi yangu, akafunga yote matatu kwa mguu wa kushoto. Wangu wa kushoto haujawahi kufunga hata mlango.

Jumatatu viongozi walikaa kikao cha kujipongeza, nami nikaitwa. Aron alisema ushindi ule ni matunda ya uongozi bora, kisha akasoma barua ya mchaguzi: mshambuliaji namba tisa aripoti Tanga kesho. Kwenye orodha waliyompa, namba tisa palikuwa na jina langu. Ukumbi mzima ukanipigia makofi.

Nilisimama. "Aliyecheza si mimi," nikasema. "Ni Abubakari."

Makofi yakakatika. Aron akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Barua tumeshaijibu," akasema. "Keti."

Nikaketi. Mungu anisamehe, niliketi upesi.